Somo, kijito kilikauka

Uyole, Mbeya
18 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Kamwene.

Barua yako niliipokea juzi jioni kwa dereva wa Kosta, umeikunja ndani ya mfuko wa majani ya chai ya Mufindi. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimesimama barabarani, mara ya pili jikoni, miguu nimeisogeza hadi karibu kuungua na jiko la mkaa. Baridi ya mwezi wa sita huku unaijua. Leo alfajiri nyasi za uani zilikuwa na sakitu.

Umeniuliza swali moja tu, ingawa umelizungushia kurasa tatu. Unasema uliomba kwa kupiga magoti ndipo ukapangiwa kazi Mafinga, una hakika ni Mungu aliyekuleta. Sasa Januari unafikisha 60, unastaafu, nyumba ya hospitali unatakiwa kuirudisha, watoto wako mbali. Je, amekuchoka?

Sitakujibu kwa "Mungu ana makusudi yake." Nilipostaafu ualimu mwaka 2022 nililishwa maneno hayo mpaka nikawa nawakwepa watu mlangoni mwa kanisa. Ni ya kweli, ila mara nyingi anayeyasema ameshashika funguo za gari anataka kuondoka.

Mimi hurudi kwa nabii Eliya. Siyo yule wa moto wa Karmeli ambaye wahubiri wetu wanampenda. Yule wa kabla yake, 1 Wafalme 17. Mungu alimwambia akajifiche penye kijito cha Kerithi. Kunguru wakamletea mkate na nyama asubuhi na jioni, maji akawa anakunywa pale kijitoni. Kisha kijito kikakauka. Somo, hapo usome polepole. Hakuwa amepotea njia, wala hatuambiwi kwamba amekosa. Alikaa palepale alipoambiwa akae, pakakauka. Tena kilikauka kwa sababu mvua haikunyesha, na aliyetangaza kwamba haitanyesha ni yeye mwenyewe! Huwa nawaza zile siku ambazo Biblia haikuzihesabu: leo maji yanafika kifundo cha mguu, wiki ijayo yanalowesha kokoto tu, mwisho mtu anachimba mchanga kwa mkono. Neno la kuhama halikumjia maji yakiwa mengi. Lilikuja yameisha.

Mchanga huo mimi niliuchimba miezi minane. Faili langu la mafao lilikwama kwa herufi moja: mwaka 1986 karani alipiga chapa R palipotakiwa L, na kwa miaka 36 hakuna aliyejali mpaka siku ya kulipwa. Jina letu ni moja, kwa hiyo kaangalie la kwako kesho asubuhi, barua ya ajira, vyeti na kitambulisho cha taifa, vyote.

Wakati huo nilikuwa nimeshahama. Kenta ilibeba kitanda, kabati na kuku wanne. Makambako tukanywa chai, Chimala jua likatuchoma, tulipopanda Mlima Nyoka baridi ikatupokea kama mwenyeji aliyechoka kusubiri. Kiinua mgongo hakijaja, nikakopa kwenye kikoba, nikapanda viazi robo tatu ya eka. Mvua za Februari zikanyesha mfululizo, ukungu ukaingia. Dawa nilipulizia mara mbili, ya tatu sikuwa na hela. Ndani ya wiki moja shamba lilikuwa jeusi, linanuka hadi barabarani. Ijumaa ile sikwenda mazoezi ya kwaya. Iliyofuata sikwenda. Niliwaambia naumwa, lakini ukweli nilikuwa nimemnunia Mungu.

Aliyekuja kunitoa hapo ni bibi jirani yangu, mjane, ambaye paa lake linavuja hivi kwamba mvua ikinyesha sufuria zake zote huwa kazini. Alikuja na debe la mbegu kichwani, vile viazi vidogo vyenye vimacho vya zambarau vilivyoanza kuchomoza, akalitua mlangoni. Nikamwambia, mama, sina cha kukulipa. "Nimekuuliza?" akasema, akageuka kwenda zake. Nikabaki nasema ndaga, ndaga, asante, kama mtoto.

Usiku ule ndipo nikakumbuka Eliya alihamishiwa wapi. Sarepta, kwa mjane aliyekuwa anaokota kuni mbili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe wale, wafe. Ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Nabii mzima anapelekwa kwa mtu aliyeishiwa kuliko yeye! Na pipa lile la unga hatusomi popote kwamba lilijaa. Lilikataa kuisha tu. Ningekuwa mimi ningeomba gunia, tena lumbesa. Debe la bibi lilinipa madebe sita. Matatu tukala, matatu nikayarudisha ardhini. Deni la kikoba nililimaliza mafao yalipotoka, siyo kabla, na mwakani sijui nitapanda nini.

Kuna jambo moja hakuna aliyenionya. Jina. Miaka yote niliitwa Mwalimu, sokoni, kanisani, hata na watu walionizidi umri. Huku nilimaliza wiki nzima bila kuitwa hivyo, nikajisikia kama nimefiwa na mtu nisiyeweza kumtaja. Wewe huko Mafinga ni Sista kwa kila mama aliyejifungulia mikononi mwako. Siku hiyo ikikufikia lia tu. Mimi nililia chooni, maji ya bomba nimeyafungulia.

Hela ikitoka usimwambie mtu wiki mbili za kwanza, hata kwenye ombi la shukrani. Watoto wa shangazi wana pua. Na bajaji usinunue, hata kijana anayetaka kukuendeshea aape mara ngapi.

Njoo wakati wa Nane Nane, kabla hujaanza kufungasha. Ukishuka njia panda ya Uyole, vijana wa bodaboda watakuvuta kuelekea Tukuyu. Usipande, nipigie nikufuate. Lete chai nyingine. Ulanzi uache hukohuko, maana bibi jirani anaupenda kuliko nilivyomdhania. Nimekutengea debe moja la mbegu, liko stoo, vimacho vimeanza kutoka.

Ni mimi,
Somo yako