Vifuniko Vitatu vya Soda: Wito wa Harambee ya Darasa Maalum

Wazazi, majirani na marafiki wa shule yetu, hamjambo.

Yuko msichana wa miaka 11 katika darasa letu maalum. Zamani akitumwa dukani kuleta sukari, chumvi na sabuni, alirudi na sukari tu, na pengine hata hiyo hana. Nyumbani akaitwa mzembe. Siku hizi huenda na vifuniko vitatu vya soda mkononi, kimoja kwa kila kitu. Akifika huweka cha kwanza juu ya kaunta: "Sukari." Cha pili: "Chumvi." Cha tatu humchukua muda. Mwenye duka keshamzoea, humngoja. "Sabuni!"

Watoto wenye ulemavu wa kujifunza hawakosi bidii. Wengi wao jambo huwaponyoka kabla halijatua akilini. Ndiyo maana somo hukatwa vipande vidogo, likatiwa picha, likaimbwa, likachezwa kwa kete za bao, kisha likarudiwa: leo, kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba kurudia kwa vipindi kunashika kuliko kukariri kwa mkupuo mmoja. Ila kurudia huko kunataka mtu wa kukaa na mtoto mmoja mmoja, na mwalimu tunaye mmoja kwa watoto 19.

Tunatafuta shilingi 145,000. Kati ya hizo, 108,000 ni posho ya mwalimu msaidizi kwa miezi 9. Zinazobaki ni za kadi za picha, mabao na mikeka. Sisi wazazi tumeshachanga 41,500. Mama mmoja hakuwa na pesa, akaleta trei mbili za mayai, tukaziuza.

Hatuahidi miujiza. Kuna mtoto tumemfundisha kutaja siku za wiki muhula mzima, na Jumatano bado anairuka.

Tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Asiyeweza kufika amtumie mwekahazina kwa simu, na adai risiti. Aliye na bao lililokaa tu bila kuchezwa, atuletee. Na kama una mtoto anayesahau namna hii, usimfiche ndani: vituo vya tathmini ya elimu viko Kenya tangu 1984, njoo tukuelekeze kilicho karibu.

Vifuniko vya soda pia msitupe.