Ziwa lifungwe kwa wote, si kwa watiifu tu

Mhariri,

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wapo waliosema mvuvi aombwe tu, asilazimishwe. Hatukubaliani nao. Ziwa halina uzio. Mtiifu akipandisha mtumbwi nchi kavu, mkaidi huvua dagaa wale wale walioachwa wazaliane, tena huwauza ghali kwa kuwa Kibirizi, mwalo wetu wa kupokelea samaki, ni mtupu. Ziwa likifunguliwa, anavuna tena sawa na wengine. Msimu unaofuata mtiifu naye huingia majini usiku, na hatumshangai.

Ila lazima marufuku hiyo isimamiwe kwa akili. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki vizuri. Basi mafuta ya doria yatunzwe kwa usiku wa giza, yasigawanywe sawa kwa mwezi mzima. Alfajiri, viongozi wa BMU, vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi mwaloni, wakague vichanja na mchanga wa kuanikia: dagaa wabichi hawafichiki. Taa na injini zikusanywe stoo moja, kila kimoja kikiwa na namba ya mtumbwi wake. Kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, ni haramu mwaka mzima, kwani hukomba hadi vifaranga vya samaki vya ufukweni.

Waanikaji wa dagaa, wengi wao akina mama, hawana mtumbwi wala akiba. Marejesho ya mikopo yao ya halmashauri yasogezwe mbele miezi hiyo mitatu. Na tarehe ziwe zile zile Burundi, Kongo na Zambia.

Wadau wa uvuvi,
Kigoma