Kuni zikipanda bei hatuchomi zile zile

Mhariri, assalaam alaykum.

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kukuandikieni hata mstari mmoja, lakini ile habari ya bei ya boflo mloitoa wiki ilopita imenikera, siwezi kunyamaza. Mtaalamu wenu kachukua jedwali la pembejeo na pato, katazama katika kila shilingi 100 za mkate ngapi zinakwenda kwenye kuni na mafuta, kapandisha bei ya nishati kwenye kompyuta na mkate nao ukapanda, basi kamaliza.

Jedwali lenyewe si baya. Mchumi Wassily Leontief alitoa la uchumi wa Marekani mwaka 1936, na 1973 akapewa Nobel ya uchumi, na kweli linaonesha kazi ya huyu inategemea nini kwa yule. Lakini hesabu ile inachukulia kipimo hakibadiliki, boflo 100 zitakula kuni zile zile bei iwe chini iwe juu. Mie naoka Wete, mwaka wa 11 huu. Kuni zilipopanda mara mbili nilitoka mizigo 6 kwa wiki nikashuka mizigo 3, nikajazia makumbi na vifuu vya nazi, nikaacha kuwasha tanuri asubuhi na jioni nikawa naoka kwa mkupuo mmoja moto ukiwa bado mkali. Sasa hesabuni nyie, mizigo 6 kwa bei ya zamani na mizigo 3 kwa bei mara mbili ni pesa ile ile! Kwenye jedwali la shilingi mstari wangu wa kuni haujatikisika, na tanurini kuni zimepungua nusu nzima. Ukija msimu wa karafuu ndo zaidi, vijana wote wako juu ya mikarafuu, ujira wa kukanda unapaa, nikanunua mashine, tokea hapo mtu mmoja anafanya kazi ya watatu ila umeme umezidi, na msimu ulipokwisha mashine sikuirudisha dukani. Unga je? Unga siwezi kuupunguza, hapo mtaalamu wenu yuko sawa. Kila kitu kina tabia yake, chengine unakipunguza wiki hiyo hiyo, chengine mpaka upate pesa za mashine, chengine abadan.

Haya nilishayasema. Alikuja kijana na fomu kaniuliza natumia shilingi ngapi kwa mwezi, nikamwambia andika na mizigo, akasema fomu haina nafasi hiyo. Nikamtolea daftari langu, hakulifungua.

Halafu bei ya unga mlotumia ni ya Unguja. Polo, yaani gunia la unga, likinifikia mie limeshalipiwa boti, kuli na gari kutoka Mkoani, na Ramadhani ilopita mapolo 4 yalirowa bandarini, mpaka leo kila nimuulizae ananipeleka kwa mwenziwe. Hilo nalo liandikeni.

Mnaotaka kujua bei inabadilisha vipi matumizi, bei na kiasi viandikwe pamoja. Tanuri 5 Wete, 5 Chake, 5 Mkoani, kila Alkhamisi, miaka 2 ili misimu ya karafuu iingie, na bei ya makumbi iandikwe pia maana ndo yanashika nafasi ya kuni. Hapo ndo mtu apige hesabu kuni zikipanda asilimia 10 sie tunapunguza asilimia ngapi. Daftari langu la miaka yote lipo, aje mtu baada ya alasiri apige picha kila ukurasa, isipokuwa zile za madeni ya watu, hizo nitazifunika.

Mwoka mikate,
Wete, Pemba