Umehamia nchi nyingine na unatafuta hedifoni: duka gani la kuamini?

Ujumbe wa namna hii hutufikia mara kwa mara, yanayobadilika ni maneno tu: "Nimeshafika, kazi nimeanza, lakini hedifoni yangu imekufa upande mmoja. Huku sijui duka hata moja. Ninunue wapi nisipigwe?"

Wasiwasi huo una msingi. Ulikozoea, unajua fundi yupi mkweli na muuzaji yupi wa kuepuka, na hukuwahi kukaa chini kujifunza. Ni mambo yaliyokuingia kidogo kidogo kwa miaka. Ukihama, yote hayo unayaacha nyuma. Unabaki na simu mkononi na matangazo yanayokufuata kila unapofungua ukurasa, nawe una haraka kwa sababu kesho una mkutano wa video na jirani wa juu ana watoto watatu.

Sisi tunauza hedifoni na kuzitengeneza, kwa hiyo tunaziona siku zinapotoka kwenye boksi na tunaziona tena siku zinaporudi zimeharibika. Kule kuziona zikirudi kumetufundisha kupima duka kwa swali moja, nalo linatangulia bei na linatangulia nyota za wateja: hedifoni hii ikiharibika mwezi wa nane, nani ataipokea mkononi, katika nchi ninayoishi? Duka lenye jibu lililonyooka, lenye jina la kampuni na anwani ndani yake, hilo unaweza kuendelea kuzungumza nalo. Duka linalokujibu "usiwe na wasiwasi, mali yetu haiharibiki" limeshakujibu pia.

Kabla ya kuondoka: usikimbilie kununua

Wengi huja kwetu wiki ya mwisho kabla ya safari wakitaka kununua hedifoni mpya wasafiri nayo. Ni biashara kwetu, lakini mara nyingi tunawashauri wasubiri. Waranti za watengenezaji wengi hufungwa kwenye nchi au kanda ambayo kifaa kilinunuliwa. Ikiharibika ukiwa mbali, utaambiwa uirudishe ilikotoka. Hapo ndipo mambo huwa magumu: hedifoni isiyo na waya ina betri ya lithiamu, na mashirika ya posta yana masharti makali kuhusu betri hizo, mengine hayapokei kabisa. Ikifanikiwa kwenda, wakati wa kurudi inapita forodha, na usipokuwa na karatasi za kuonyesha kwamba ilitoka kwako kwenda kutengenezwa, unaweza kutozwa ushuru kwa mali yako mwenyewe. Wateja wetu kadhaa wamejaribu njia hiyo. Wengi waliishia dirisha la posta.

Basi safiri na ile uliyonayo, hata kama imechoka. Ibebe kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya hiyo hiyo betri.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakika usikibebe bila kukisoma mgongoni: amplifaya ya mezani ya hedifoni. Hedifoni yenyewe inachaji kwa USB, haijali umeme wa nchi. Amplifaya yenye transfoma ndani inajali. Iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani au 100 za Japani ukiichomeka kwenye volti 230 za Ulaya itaungua, na plagi ya kubadilishia umbo la soketi haibadilishi volti.

Anzia kwa mtengenezaji, kisha uende dukani

Ukishafika, usianze kwa kutafuta jina la hedifoni kwenye intaneti na kufungua tangazo la kwanza. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, chagua nchi uliyopo, utafute ukurasa unaotaja wauzaji wake walioidhinishwa. Kampuni kubwa nyingi za hedifoni zina orodha hiyo. Halafu bofya kutoka pale uingie dukani. Njia hii tunaisisitiza kwa sababu ile nembo ya "muuzaji rasmi" ambayo duka linajibandika lenyewe ni picha tu, na picha yeyote anaweza kuinakili. Tovuti za kitapeli hunakili hadi mpangilio wa ukurasa, zikabadilisha herufi moja kwenye anwani.

Wakati mwingine hata tovuti halali huchanganya. Tunaulizwa sana kuhusu Sennheiser: mtu anakuta tovuti mbili zenye jina hilo na anadhani mojawapo ni feki. Zote ni halali. Biashara ya hedifoni za wasikilizaji wa kawaida ilinunuliwa na Sonova, kampuni ya Uswisi, mwaka 2022, na vifaa vya studio na jukwaa vilibaki kwa Sennheiser ya Ujerumani. Kwa hiyo hata waranti, unaulizia kwa kampuni inayohusika na hedifoni uliyo nayo.

Muuzaji asiyekuwamo kwenye orodha si lazima awe mwizi. Wapo wanaoingiza mali halisi kutoka nchi nyingine iliko rahisi zaidi na kuiuza kwa bei ya chini. Hedifoni ni ile ile, sauti ni ile ile, ila mtengenezaji anaweza kukataa kuihudumia kwa sababu haikupita mikononi mwa wakala wake. Kama muuzaji anakwambia hivyo waziwazi na anatoa waranti yake mwenyewe kwa maandishi, ni biashara ya haki na uamuzi ni wako. Kama anaficha, achana naye.

Sokoni mtandaoni, soma majina mawili

Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, ukurasa mmoja wa bidhaa unaweza kuwa na wauzaji kumi. Jina kubwa la soko lililo juu ya ukurasa si lazima liwe ndilo linalokuuzia. Shuka chini utafute mistari miwili: nani anauza na nani anasafirisha. Unataka mstari wa kuuza uwe na jina la mtengenezaji, la soko lenyewe, au la duka uliloliona kwenye orodha. Hata hapo weka akiba ya tahadhari, maana kumekuwa na maghala ambayo mali ya wauzaji tofauti yenye msimbopau mmoja (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine) iliwekwa pamoja, ukaagiza kwa huyu ukaletewa iliyoingizwa na yule.

Tuliwahi kuletewa hedifoni iliyonunuliwa hivyo. Boksi lilikuwa safi, maandishi hayana kosa, namba tambulishi ipo, na tulipoiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji ilikubali. Ukiishika ilikuwa nzito kama inavyotakiwa. Mteja alilalamika kitu kimoja tu: kile kitufe cha kuzima kelele za nje kilibadilisha sauti kidogo lakini kelele haikuondoka. Tukatoa mto wa sikio, tukafungua skrubu nne, tukainua kifuniko. Pembeni ya spika kulikuwa na kipande cha chuma bapa, ukubwa wa kucha ya gumba, kimegandishwa kwa gundi. Hakikuunganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuongeza uzito ili mkono uamini. Namba tambulishi ilikuwa imenakiliwa kutoka hedifoni halisi ya mtu mwingine, ndiyo maana tovuti iliikubali.

Tangu siku hiyo hatumwambii mtu "kagua namba, kagua uzito" tukaishia hapo. Kwa hedifoni zenye programu ya simu, kipimo kizuri zaidi ni programu yenyewe: ipakue kutoka duka rasmi la programu, uunganishe, ujaribu kusasisha. Feki nyingi zitaonekana kwenye orodha ya Bluetooth ya simu lakini programu ya mtengenezaji haizitambui, au inazitambua bila kuweza kubadilisha mpangilio wowote. Fanya hivyo siku ile ile unapopokea mzigo, kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Sheria ya ulipo iko upande wako kuliko unavyodhani

Mgeni hudhani haki za mnunuzi ni za raia. Si hivyo, zinamfuata mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji anawajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa miaka 2 tangu uipokee, na ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Uingereza, bidhaa yenye kasoro unaweza kuikataa na kudai pesa yote ndani ya siku 30, na ukinunua mtandaoni siku 14 za kughairi zipo pia. Australia, duka haliruhusiwi hata kubandika tangazo la "hakuna kurudisha pesa".

Angalia neno moja hapo: muuzaji. Ulaya na Uingereza mzigo wa kwanza ni wa aliyekuuzia, si wa kiwanda. Duka likikwambia "hilo si letu, waandikie waliotengeneza", linakukwepa. Na ndiyo sababu tunarudia habari ya jina na anwani. Haki hii unaidai kwa kampuni inayojulikana iliko. Kwa ukurasa wa mtandao wa kijamii wenye namba ya simu tu, utamdai nani?

Marekani ni tofauti. Hakuna sheria ya taifa zima inayolilazimisha duka kupokea bidhaa isiyo na kasoro eti kwa sababu hukuipenda. Unategemea sera ya duka, na sera hutofautiana sana. Isome kabla ya kulipa. Japani nako ununuzi wa mtandaoni hufuata masharti ya kurudisha yaliyotangazwa na duka, na vifaa vya Bluetooth vinatakiwa kuwa na alama ya giteki, yaani alama ya Japani inayoonyesha kwamba kifaa cha mawimbi ya redio kimeidhinishwa. Duka linalouza vifaa visivyo na alama hiyo halijali sheria za nchi linamouzia.

Kote huko, uliza mapema kuhusu zile ndogo zinazoingia ndani ya sikio. Maduka mengi hayazipokei zikishafunguliwa, kwa sababu ya usafi, na tunawaelewa.

Kuhusu malipo tutasema machache. Kadi inakupa njia ya kulalamika benki. Pesa uliyotuma moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu haina njia hiyo. Uingereza, ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Duka la mtandaoni linalokubali kutumiwa pesa benki pekee, liache hata kama bei yake inavutia. Na ile alama ya kufuli juu ya kivinjari inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

Waulize swali ambalo wewe unajua jibu lake

Hiki ni kipimo tunachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Piga simu au waandikie kabla ya kununua. Chukua mfano wa DT 990 ya Beyerdynamic, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa ukinzani tofauti, yaani kiasi ambacho hedifoni inaupinga umeme, kinachopimwa kwa omu: omu 32, 80, 250 na 600. Waambie: "Nataka kuichomeka kwenye simu, nichukue ipi?" Mwenye kujua kazi atakuuliza simu yako ina tundu la hedifoni au la, atakuelekeza kwenye namba ndogo, na atakueleza kwamba ya omu 250 au 600 bila amplifaya itasikika kwa mbali na kukosa nguvu. Anayekujibu "zote ni sawa, chukua unayoipenda" hajui anachouza, na siku ya tatizo hatajua pa kuanzia.

Ongeza swali la pili: mnauza mito ya masikio na waya wa akiba wa hedifoni hii? Mito huchakaa kabla ya kitu kingine chochote. Ngozi inapasuka, vipande vyeusi vinakubaki kwenye mashavu. Duka lenye vipuri linatarajia kukuona tena. Kwa uzoefu wetu, maduka ya ala za muziki hufaulu mtihani huu mara nyingi kuliko maduka makubwa ya elektroniki, kwa kuwa wanaohudumiwa pale ni watu wa studio wasiokubali majibu ya kubahatisha.

Kwa zilizotumika, dai risiti ya kwanza yenye jina la duka, kutana mahali penye watu, na isikilize kwa dakika kumi ukisogeza waya na kugeuza kichwa. Mlio ukikatika upande mmoja, ni waya, au kiungo kilicholehemiwa kwa risasi ndani kimeachia. Hutengenezeka, lakini bei ishuke.

Kama bado una shaka, tutumie kiungo cha duka pamoja na picha nne kutoka kwenye ukurasa wao: jina kamili la kampuni na anwani, sera ya kurudisha, mstari wa nani anauza na nani anasafirisha, na njia za malipo. Tunazipitia bure kwa yeyote aliyewahi kununua au kutengeneza kwetu, na tunakujibu kabla hujalipa. Ukishapokea mzigo, usitupe boksi mpaka programu ya simu ikubali.