Usiutie mnazi chupani

Sahibu yangu,

Vipi hali, nyumbani wazima? Huku Malindi salama, kusi lavuma tu. Barua yako nimeisoma na hilo wazo la kutia mnazi, pombe hii yetu ya mti wa nazi, kwa chupa upeleke supamaketi za Nairobi nimeliwaza sana, kusema kweli mi sikushauri.

Wasema mbona bia imewezekana. Bana, bia nayo haikuanzia hapo! Uingereza zamani watu wakipika yao majumbani na kwa vilabu wanaimaliza papo hapo, hadi viwanda vikubwa vikaja na mashine zikaingia, kiwanda cha bia cha Whitbread cha London wakafunga injini ya mvuke ya James Watt 1785, halafu 1797 fundi mmoja, Bramah, akasajili pampu ya mkono, muuzaji hashuki tena na jagi kwenye mapipa, anavuta tu bia inapanda yenyewe kutoka stoo ya chini. Ikawa inapikwa nyingi mpaka 1814 tangi la kiwanda cha Meux likapasuka, bia ikafurika mtaani ikaua watu 8. Ila kilichobadilisha kabisa ni hamira inayochachusha bia, manake 1883 Hansen, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Denmark, alitenga mbegu moja ya hamira akaikuza peke yake, ndo chupa ya leo na ya mwakani zikawa ladha moja.

Sasa mnazi nani ataufanyia hivo? Mgema akishakata karara la maua unaanza kuchacha huko huko juu, kwa vijidudu vya hewani na vya kibuyu chenyewe, akiteremka tayari una povu, jioni umekolea, ukiulaza sana unaelekea siki. Nigeria wapo wanaochemsha pombe yao ya michikichi wakaitia chupani, lakini ladha haibaki ile. Na mi naipenda ile, ya mnazi wa mti huu kutofanana na wa mti ule!

Kiwanda kishatufikia kwa njia nyingine, na hii yaniuma. Ukienda mangwe, huko tunakonywea mnazi, siku hizi kibuyu hukioni, ni mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia, mama anamimina kwa jagi kupitia kitambaa na harufu ya mafuta bado imo. Hapo ndo pesa zako zingefaa, nunua mitungi ya chuma inayosuguka na friza moja, uiweke karibu na wagema, baridi itauchelewesha kuchacha upate kuuza mpaka usiku.

Nijibu bei za friza huko Nairobi, nami nitaongea na wagema wiki hii.

Wako,
Sahibu wa Malindi