Usilipe kwanza hiyo chachu

Chumbageni, Tanga
Februari 2026

Mangi,

Salamu utazikuta huko chini, leo zimepitwa na jambo. Mama Upendo kanipigia jana, kasema orodha umeshaijaza, pakiti 6 za chachu ya maji ya kupikia bia zetu za nyumbani, kutoka Uingereza, na Ijumaa unalipa. Usilipe kwanza. Hata kama hela ya Chuwa na ya Babu Lema imeshaingia, ikae humo humo kwenye simu. Nimekupigia hupokei, na haya mambo hayaenei kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimekaa chini kuandika kama zamani tukiwa bweni. Soma mpaka mwisho ndipo ubishe. Nakujua.

Huku ni kaskazi, tena ile yenyewe. Mchana nyuzi 32, na usiku joto likijitahidi sana kushuka linaishia 25. Hata paka wa Mama Zuhura ameacha kulala juu ya bati. Sasa chukua kifurushi chako: kinatoka kwenye friji ya duka huko Ulaya, kinapanda ndege, kinatua Dar, halafu kinakaa. Kinakaa wapi, kwa nani, mpaka lini, hakuna anayekuambia. Unakumbuka mwaka juzi? Kila tukipiga simu tunajibiwa "kipo kwenye mchakato". Kilipotoka kwenye huo mchakato, ile barafu ya jeli ilikuwa ya moto kabisa. Safari ya ndege haijawahi kuniua chachu. Siku za kukaa ghalani ndizo zinazoua.

Na zinaua kwa sababu moja tu. Mle mfukoni seli zimefungiwa hazina chakula, zinaishi kwa akiba, yaani glikojeni na trehalosi zilizojiwekea kabla ya kufungashwa. Kwenye baridi ya nyuzi 1 hadi 4 zinaila akiba polepole. Kwenye joto zinaifakamia, ikiisha zinakufa, na zikishakufa zinaanza kujimeng'enya zenyewe. Ndiyo ile harufu ya supu ya nyama na mpira ulioungua tuliyoikuta kwenye mfuko wa Chuwa, naye akashikilia kwamba eti ndiyo ladha ya Kibelgiji. Akaitia. Tukainywa. Haya tuyaache.

Hesabu sasa, maana wewe huamini mpaka uone tarakimu. Pakiti ya Wyeast, ile kampuni ya chachu ya maji, ikiwa mpya ina seli kama bilioni 100. Makadirio ya wapikaji wengi ni kwamba hata ikitunzwa vizuri kwenye friji inapoteza karibu asilimia 20 ya seli hai kila mwezi. Kwa hiyo ya miezi 3 imebaki na nusu. Ndoo yetu ya lita 20, bia ya kawaida ya densiti 1.048, inataka seli kama bilioni 180: densiti hiyo ni kama digrii 12 za Plato, kile kipimo cha sukari, basi piga seli 750,000 kwa kila mililita kwa kila digrii, utafika hapo hapo. Unaona? Hata pakiti iliyotoka kiwandani leo asubuhi, peke yake haitoshi ndoo moja. Lazima uikuze kwanza. Na kama kukuza ni lazima, pakiti 6 za nini? Moja ikikuzwa inafika kokote ambako hizo 6 zingefika. Zile 5 nyingine utakuwa umelipia nauli ya maiti.

Tena hata zingefika zikiwa hai, zingenisubiri. Ramadhani inaanza mwezi huu, na mimi jikoni kwangu hakichemki kitu mpaka Idi ipite. Harufu ya hopsi, yale maua machungu ya bia, inavuka ukuta moja kwa moja hadi kwa Mama Zuhura, na yule mama ananiletea futari kila mwaka ingawa sifungi. Siwezi. Kwa hiyo zingekaa kwenye friji yangu zikihesabiwa asilimia 20 zake, na friji yenyewe unajua inavyoishi kwa huruma ya umeme.

Halafu nimecheka peke yangu. WLP300, ile ya bia ya ngano! Mchaga wa Marangu, aliyezaliwa katikati ya migomba, akakulia kwenye harufu ya mbege, anaagiza chachu Ulaya ili bia yake inukie ndizi. Bibi yako asisikie. Ila nisikuonee, hiyo ndiyo pekee kwenye orodha yako ninayoikubali. Ile harufu ni isoamili asetati, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye ndizi mbivu, na chachu za ngano zilizokaushwa nilizojaribu zinaitoa kwa uchoyo. Kwa hiyo WLP300 iwe ya maji, sawa, lakini moja. Za bia ya Kimarekani chukua kavu, US-05, kapakiti ka gramu 11.5. Hiyo mahali pa baridi inakaa miaka 2 na zaidi, na ikikwama wiki kwenye joto inaamka. Anayesema ya maji lazima iwe bora kwa kila bia anajisifia nauli aliyolipa.

Mimi niongezee moja kavu, kveiki ya Voss. Ni ya Wanorwe. Wakulima wao walikuwa wanaipaka kwenye pete za mbao au vitambaa, wanaianika, wanaitundika mpaka siku ya kupika tena. Inachachua vizuri kwenye nyuzi 35 hadi 40, huko ambako nyingine zinatoa harufu ya rangi ya ukuta. Nchi ya theluji ndiyo imetengeneza chachu ya Tanga! Nikiipata hiyo naachana na habari ya kufunga ndoo shuka mbichi na kuamka usiku kulilowesha.

Sasa jinsi ya kuipata hiyo moja ya maji bila ghala. Mdogo wake Chuwa si anakuja Pasaka kutoka London? Duka limtumie kwake. Ndani ya Uingereza kifurushi kinafika siku moja au mbili, na kule bado kutakuwa na baridi, anaitia friji, siku ya safari anaifunga ndani ya nguo kwenye begi kubwa (la mkononi asijaribu, watambishia maji), anashuka uwanja wa KIA, na wewe unamsubiri na deli. Haizidi siku moja na ushee nje ya friji. Pasaka kaskazi itakuwa imekata roho, kusi inaingia, Idi imepita. Mwambie aulize duka tarehe ya kutengenezwa kabla hawajatuma, asikubali ya zaidi ya mwezi mmoja, na amwombe mwenye duka atume Jumatatu ili isilale posta Jumamosi na Jumapili. Ikifika imevimba usiitupe, mfuko kuvimba ni gesi tu, ina maana kuna wanaopumua. Kuvimba hakukwambii wamebaki wangapi, hilo tu.

Nakwambia yote haya kwa sababu najua Babu Lema atakuambia "sita ni akiba". Akiba ya chachu haiwekwi kwenye pakiti, Mangi. Inawekwa hivi.

Siku ikifika, usiitie kwenye ndoo. Chemsha togwa la shayiri, gramu 100 za dondoo kavu ya kimea kwa lita moja ya maji, dakika 15. Lipoe kabisa, mimina pakiti, funika kwa foili isiyobana, utikise kila unapopita. Sukari hapana. Lema anapenda kuharakisha na sukari, lakini sukari tupu haina naitrojeni wala vitamini, na chachu ikishazoea vyepesi inazembea ikikutana na moltosi, sukari ya kimea. Siku ya pili weka friji, tope jeupe lishuke, mwaga maji ya juu. Togwa lenyewe lifanye kubwa kuliko haja yako, ili ubaki na nusu chupa ya tope safi. Hilo tope ndilo mama. Likae chini kabisa ya friji, ndani, siyo mlangoni ambako watoto wanafungua kutafuta juisi, na lisiguse sehemu ya barafu, maana barafu inazipasua seli. Mama akae kwako. Arusha ina baridi yake ya kuzaliwa, na umeme wenu ukikatika nyumba haigeuki tanuri.

Mimi huku nina njia nyingine, na hii ndiyo niliyotaka kukwambia tangu Krismasi. Maji ya sindano. Zile ampuli za mililita 10 za duka la dawa, maji safi yasiyo na kijidudu hata kimoja. Unachukua chachu kidogo sana, inayoenea kwenye ncha ya waya, kutoka kwenye doa safi lililoota juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, unaizamisha kwenye kichupa chenye yale maji, unafunga. Mle hakuna sukari, hakuna chochote. Seli zinalala. Hazili, hazizaani, zinachakaa polepole sana. Aldo Castellani, yule daktari Mwitaliano aliyekuja Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita kwenye utafiti wa malale, aliandika njia hii 1939 akihifadhi kuvu wa magonjwa, na watu wa chachu wakaichukua. Zinakaa miaka. Na bila friji! Unaelewa maana yake kwa mtu wa hapa? Nina vichupa kwenye droo, pamoja na soksi. Cha Agosti nimekiamsha juzi kwenye vijiko viwili vya togwa, kesho yake kilikuwa na povu.

Kassim aliposikia akashauri tutumie maji ya betri, ni bei rahisi. Nimemwambia aanze yeye.

Kazi yote iko kwenye usafi. Vichupa na vifuniko vinaingia kwenye presha kuka dakika 15 ikiwa imeshika presha kamili, mle ndani ni nyuzi 121, hakuna kinachobaki. Feni imezimwa, dirisha limefungwa, taa ya spiriti inawaka pembeni, na mimi natoka jasho kama mwizi kituoni. Ukiwa na sehemu ya kazi isiyo na upepo, wewe unaweza kufanya vizuri kuliko mimi.

Umeme nao, nisipoutaja utasema nimebadilika. Wiki iliyopita ulikwenda asubuhi ukarudi usiku. Nina chupa za maji zilizoganda, naweka kwenye deli, tope kati yake limezungushiwa kanga, deli chini ya kitanda. Linashika mpaka kesho yake. Jirani akaja kuuliza kama nauza barafu.

Mgema wetu wa Sahare ananicheka sana. Yeye chombo chake hakioshi mpaka ndani, tembo linateremka asubuhi, saa sita linachemka lenyewe kwenye joto hili hili ninalolilalamikia. "Chachu unanunua, mwanangu? Na ya kwangu je?" Nusu ana haki. Chachu ya mnazi imezoea joto miaka na miaka. Nimewahi kuwaza kuipandisha kwenye agari nitenge doa moja moja nione... lakini nikimwambia hivyo atajua namsifia, na mgema ukishamsifia unajua kinachofuata.

Salamu sasa. Sisi wazima, mtoto ameota meno mawili na anauma. Mama watoto anasema friji ni yake na chachu ni wapangaji. Mzee wa Lushoto mguu unaendelea, ameanza kutembea hadi barabarani, anakuulizia. Ile kazi ya bandarini bado wanasema "tutawaita".

Sasa nijibu kabla ya Ijumaa. Umeshalipa au bado? Kama umelipa, duka linakubali kupunguza wakabaki na 5 zao? Mdogo wake Chuwa anafika lini hasa, na ni KIA au anapitia Dar? Akipitia Dar niambie mapema nimtafutie mtu wa kuipokea, maana basi la kuja Arusha likipita Segera mchana na kifurushi kikawekwa kwenye buti juu ya injini, tumerudi pale pale. Shemeji bado yuko maabara? Anaweza kunipatia methilini buluu kidogo, ile rangi ya maabara, na siku moja atuachie darubini saa ya chakula? Nataka nihesabu vya Agosti, zilizokufa zinashika rangi, zilizo hai zinabaki nyeupe, nijue ni wangapi badala ya kukisia kwa povu. Na wewe ile ya asali iliishaje, mbona umekaa kimya? Ililipuka, siyo?

Hela yangu ya pakiti moja ya kveiki nakutumia leo jioni. Ya WLP300 tugawane wanne.

Ndugu yako,
Elia

Tena: Babu Lema akisema "sita ni akiba", mwambie nimesema hapana, na mwambie nimesema mimi.