Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ziara ya Kasri la Amboise

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita mnazo mkononi. Nafasi yangu naomba niitumie kuzungumzia ziara yetu ya kasri la Amboise, kando ya mto Loire hapa Ufaransa, maana ndiyo shughuli iliyotukusanya wengi mwaka huu.

Kasri hilo lilikuwa mali ya mabwana wa Amboise hadi Mfalme Charles VII alipowanyang'anya katika karne ya 15. Mjukuu wake, Charles VIII, alizaliwa humo mwaka 1470, akalijenga upya kwa fahari, na aliporudi kutoka vita vya Italia alikuja na mafundi wa huko. Mauti pia yalimkutia humo humo. Aprili 1498, akiwa na miaka 27 tu, alijigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango akienda kutazama mchezo wa tenisi ya zamani, akafa saa chache baadaye.

Mnara wa Heurtault uliwafurahisha wazee wetu. Badala ya ngazi, ndani mna njia pana inayozunguka, iliyojengwa ili farasi na magari yapande hadi juu. Tuliteremka humo polepole, tukitazama sura za watu zilizochongwa ukutani.

Leonardo da Vinci, aliyeitwa Ufaransa na Mfalme François I na kufariki Amboise mwaka 1519, ana kaburi katika kanisa dogo la Mtakatifu Hubert, humo humo kasrini. Foleni ilikuwa ndefu. Wageni wengi humaliza hapo wakaondoka, nami naona wanakosa jambo kubwa.

Huko bustanini juu kuna makaburi ya watu wa Amiri Abdelkader wa Algeria, kiongozi aliyepigana na Wafaransa walioivamia nchi yake. Alipojisalimisha kwao mwaka 1847 aliahidiwa kupelekwa Mashariki, lakini ahadi ilivunjwa, akafungwa kasrini humo pamoja na familia na wafuasi wake kuanzia Novemba 1848 hadi alipoachiwa huru Oktoba 1852. Watu wake 25 walifia huko, watoto wakiwemo. Mwaka 2005 msanii Rachid Koraïchi aliwawekea mawe ya kumbukumbu, yenye maandishi ya Kiarabu. Waislamu miongoni mwetu waliwasomea Fatiha, wengine wakasimama kimya nao. Mtu huyo aliyedhulumiwa hivyo ndiye aliyewaokoa maelfu ya Wakristo wasiuawe kule Damascus, Syria, mwaka 1860. Watoto wetu wanaosoma shule za Ufaransa wanastahili kuijua habari hii kutoka kwetu, kwa Kiswahili.

Kwa hiyo kamati inapendekeza turudi Amboise mwaka ujao pamoja na watoto wote wa darasa la Kiswahili, tukiwa na maelezo tuliyoyaandika wenyewe. Tusafiri kwa treni. Kituo kiko ng'ambo ya pili ya mto, na kutoka hapo ni kuvuka daraja kwa miguu. Nauli za watoto zitoke kwenye mfuko wa chama. Naomba mkutano ujadili pendekezo hili na kulipigia kura kabla ya uchaguzi wa kamati mpya.

Mwenyekiti